Picha ya Picha: Gerhard Richter, Albamu ya Familia na Suala la Kumbukumbu ya Ombaci

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha na kazi za Gerhard Richter, mchoraji wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1932, kwa kuzingatia namna alivyozishughulikia picha zinazohusu vita na mauaji yaliyotendwa kwa mkono wa dola. Maelezo hayo yanawekwa kando ya suala la Ombaci, kaskazini mwa Arua, ambako raia waliokimbilia misheni walishambuliwa na askari wa serikali tarehe 24 Juni 1981. Inadaiwa hapa kwamba sera ya kumbukumbu inayomtaka mwathiriwa awe hana doa lolote huwaacha nje watu wengi wa Nile Magharibi, na kwamba kazi za Richter zinafaa kuchunguzwa kwa sababu zinatoka katika familia ambamo aliyeuawa na aliyevaa sare ya wauaji walikaa katika albamu moja. Makala yanagusia pia ugumu wa kuzungumzia kazi hizo kwa Kiswahili.

Maneno muhimu: uchoraji, picha, kumbukumbu, Nile Magharibi, haki ya mpito

1.0 Utangulizi

Ombaci ipo karibu na mji wa Arua, kwenye barabara iendayo Koboko. Pana misheni ya Kikatoliki iliyojengwa na Wakomboni na shule ya wavulana ya Mtakatifu Yosefu. Mwezi Juni mwaka 1981 misheni hiyo ilikuwa imejaa watu waliokimbia mapigano, wakiamini kwamba msalaba wa kanisa na bendera ya Msalaba Mwekundu vingewakinga. Askari wa jeshi la serikali, UNLA, waliingia na kufyatua risasi. Idadi ya waliokufa inayotajwa katika masimulizi na taarifa za haki za binadamu inakaribia mia moja, mbali na majeruhi.

Tukio hilo haliwezi kueleweka bila yaliyolitangulia. Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko, aliangushwa mwezi Aprili 1979. Tangu hapo, mtu wa Nile Magharibi alitazamwa na askari wengi wa utawala mpya kuwa ni mtu wa Amin, awe alishika bunduki au alishika jembe. Mwezi Oktoba 1980 wapiganaji waliotoka Sudan na Zaire, wengi wao askari wa zamani wa Amin, waliivamia wilaya. Kisasi kilichofuata kiliwaangukia raia, na mamia ya maelfu wakavuka mpaka. Basi Ombaci haikuwa ajali ya vita. Ilikuwa tokeo la fikra kwamba jamii nzima ina hatia ya mtu mmoja.

Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Sera ya Taifa ya Haki ya Mpito mwezi Juni 2019, na suala la kuwakumbuka waathiriwa limo ndani yake. Sera hutaja kumbukumbu kwa wepesi. Utekelezaji ndio mgumu, kwa kuwa ni lazima mtu aamue jina gani liandikwe, picha gani itundikwe na lugha gani itumike. Maswali haya yamewahi kuulizwa kwingine, na mmoja wa waliokaa nayo kwa muda mrefu kuliko wengi si mwanasheria wala mwanahistoria bali ni mchoraji.

2.0 Maisha ya Richter

Gerhard Richter alizaliwa Dresden tarehe 9 Februari 1932, mwaka mmoja kabla ya Hitler kutwaa madaraka. Baba yake alikuwa mwalimu. Familia ilihamia katika miji midogo ya mashariki ya Saksonia, na baba akachukuliwa vitani. Mjomba wake Rudolf, aliyeitwa Rudi nyumbani, alikufa akiwa askari mwaka 1944. Mama yake mdogo, Marianne, aliugua maradhi ya akili akiwa msichana. Chini ya sheria za Kinazi alifungwa kizazi kwa nguvu mwaka 1938, akawekwa katika hospitali moja baada ya nyingine, na mwezi Februari 1945 akafa Großschweidnitz, mahali ambapo wagonjwa waliuawa kwa njaa na kwa dawa. Mtoto Gerhard alikuwa na umri wa miaka 13.

Baada ya vita alifanya kazi ya kuandika mabango na kupaka mandhari za jukwaa la maigizo. Mwaka 1951 alikubaliwa katika Chuo cha Sanaa cha Dresden, katika Ujerumani ya Mashariki, akasomea michoro ya ukutani. Kazi yake ya kuhitimu ya mwaka 1956, mchoro mkubwa wa watu wenye furaha na afya, ilikuwa katika Makumbusho ya Usafi na Afya ya mji huo. Baadaye, mwaka 1979, ukuta ule ulipakwa rangi nyeupe. Mtu anayetafuta mfano wa dola kufuta picha haendi mbali.

Mwaka 1959 Richter aliruhusiwa kusafiri magharibi, akayaona maonyesho ya documenta mjini Kassel. Huko alikutana na kazi za Jackson Pollock na Lucio Fontana, ambazo hazikusimulia chochote wala kumsifu yeyote. Mwezi Machi 1961, miezi michache kabla ya Ukuta wa Berlin kujengwa, alihama na mkewe Ema kupitia Berlin. Aliacha karibu kila alichokichora, akaanza upya akiwa mwanafunzi katika Chuo cha Sanaa cha Düsseldorf, alikofahamiana na Sigmar Polke na Konrad Lueg. Mwaka 1971 alirudi katika chuo hicho akiwa profesa na kufundisha kwa zaidi ya miaka 20. Tangu miaka ya 1980 makazi yake yamekuwa Köln.

Sifa na fedha zilizomfuata baadaye hazina haja ya kuelezwa kwa urefu. Yatosha kusema kwamba mwezi Februari 2015 mchoro wake mmoja usio na umbo uliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 30, na kwamba mwenyewe amewahi kuziona bei za namna hiyo kuwa upuuzi.

3.0 Tatizo la neno “picha”

Kabla ya kuzieleza kazi zenyewe, Kiswahili kinadai kusikilizwa. Neno “picha” hubeba kile kilichopigwa kwa kamera na kile kilichochorwa kwa mkono. Tofauti hubebwa na kitenzi: picha hupigwa au huchorwa. “Kuchora” nako hujumuisha kalamu na brashi, ilhali “kupaka rangi” humpeleka msomaji kwenye ukuta wa nyumba. “Sanamu”, ambayo katika matumizi ya zamani ya pwani iliweza kutaja hata picha bapa, leo imebaki zaidi kwa vinyago na mnara. “Taswira” imechukuliwa na wahakiki wa fasihi.

Kwa mchoraji mwingine yeyote huu ungekuwa upungufu tu wa istilahi. Kwa Richter ni zaidi ya hapo. Kuanzia mwaka 1962 alichukua picha zilizopigwa na watu wengine, kutoka magazetini au katika albamu za nyumbani, akazinakili kwa rangi za mafuta juu ya turubai, kwa weusi, weupe na kijivu. Rangi ikiwa bado mbichi, aliiburuta kwa brashi kavu hadi mipaka ya vitu ikafifia kana kwamba vinaonekana kupitia ukungu, au kamera ilitikisika. Kilichobaki ni picha ya picha. Neno moja la Kiswahili linasema kweli kuliko istilahi mbili za Kizungu, kwa kuwa lengo lake lilikuwa hasa kuutikisa mpaka baina ya ushahidi wa kamera na kazi ya mkono.

Kwa kitendo chenyewe, makala haya yanatumia “kufifiza”. Kufuta kungekuwa kosa: kilichofifizwa bado kipo, na mtazamaji hulazimika kujitahidi kukiona.

4.0 Albamu moja

Mwaka 1965 ndio wa kuutazama kwa makini. Katika mwaka huo Richter alichora kazi tatu ambazo, zikipangwa pamoja, hufanya kama kesi isiyo na hakimu.

Ya kwanza ni “Onkel Rudi”. Mjomba amesimama mbele ya ukuta, amevaa koti refu la jeshi la Ujerumani, anatabasamu. Ni picha ambayo familia nyingi za Kijerumani zilikuwa nayo kabatini na hazikuitundika. Ya pili ni “Tante Marianne”. Msichana wa miaka 14 amemshika mtoto mchanga, ambaye ni Richter mwenyewe, katika bustani mwaka 1932. Hakuna dalili yoyote ya yatakayompata. Ya tatu ni “Herr Heyde”, iliyonakiliwa kutoka gazetini pamoja na maandishi yake, ikimwonyesha mzee akiwa na polisi. Werner Heyde alikuwa daktari wa akili na mmoja wa wakuu wa mpango wa kuwaua wagonjwa, mpango ambao katika vituo vyake vya gesi pekee uliua zaidi ya watu 70,000 mwaka 1940 na 1941. Baada ya vita aliishi na kufanya kazi kwa jina la uongo hadi mwaka 1959.

Askari, mhanga na mpangaji wa mauaji wote wamechorwa kwa kijivu kilekile na kufifizwa kwa brashi ileile. Wapo waliolaumu kwamba mtindo huo unawasawazisha muuaji na aliyeuawa. Lawama hiyo ina uzito, lakini haionekani kusimama hadi mwisho. Usawa uliopo katika kazi hizi ni wa albamu. Albamu haihukumu, hukusanya waliozaliwa nyumba moja. Hukumu inaachiwa anayefungua kurasa, naye hawezi kuitoa bila kuuliza nani ni nani na alifanya nini.

Kisa chenyewe kilizidi alivyokijua mchoraji. Mwaka 1964 alikuwa amechora “Familie am Meer”, familia ikicheka ufukweni, kutoka picha ya nyumbani kwa mkewe. Baba katika picha hiyo ni mkwewe, Heinrich Eufinger. Mwandishi wa habari Jürgen Schreiber alionyesha katika kitabu cha mwaka 2005 kwamba Eufinger, daktari wa magonjwa ya wanawake na mwanachama wa SS, aliongoza kliniki mjini Dresden ambamo mamia ya wanawake walifungwa kizazi kwa lazima. Hakuwa yeye aliyemfanyia Marianne, ila alikuwa sehemu ya utaratibu uleule. Kwa miaka 40 Richter alikuwa amewachora wote wawili bila kujua kwamba ukurasa mmoja ulimjibu mwingine. Filamu iliyotengenezwa mwaka 2018 kwa kuegemea kisa hiki iligeuza jambo hilo kuwa fumbo linalofumbuliwa na kipaji cha msanii. Richter mwenyewe alijitenga nayo, na pengine kwa haki.

Hapa ndipo Nile Magharibi inapoingia. Katika nyumba za Arua, Koboko na Yumbe si ajabu mzee mmoja awe alitumikia jeshi la Amin, nduguye awe mkulima aliyeuawa mwaka 1980 au 1981, na mpwa wao awe alirudi msituni na waasi wa miaka ya 1990. Mikutano ya haki ya mpito huelekea kuwaita watu chini ya vichwa viwili, waathiriwa na watenda makosa, na kila mmoja achague kiti. Familia yenye wote wawili hukaa kimya au huficha nusu ya albamu. Kimya hicho husomwa na watafiti kuwa kusahau, au kuwa kukubali hatia. Si lazima kiwe lolote kati ya hayo. Huenda ni woga wa kawaida kwamba ukimtaja aliyevaa sare, aliyeuawa atapoteza haki ya kulilliwa hadharani.

5.0 Askari katika kijiji cha waliouawa

Picha ya mjomba Rudi ina historia ya pili ambayo washauri wa sera wangefanya vyema kuijua. Tarehe 10 Juni 1942 Wanazi walikiteketeza kijiji cha Lidice, karibu na Prague. Wanaume 173 walipigwa risasi siku hiyo, wanawake wakapelekwa kambini, na watoto wengi wakauawa baadaye kwa gesi. Kijiji hakikuwa kimetenda lolote. Kiliadhibiwa kwa sababu ya kuuawa kwa Reinhard Heydrich. Mantiki hiyo ya kuiadhibu jamii kwa ajili ya mtu mwingine msomaji wa Ombaci ataitambua upesi.

Mwaka 1967 mmiliki wa ghala la sanaa mjini Berlin, René Block, aliwaalika wasanii 21 watoe kazi ziwe zawadi kwa Lidice. Richter angeweza kutoa mchoro mwingine. Alitoa “Onkel Rudi”. Mjomba mwenye tabasamu, katika koti la jeshi lililoikalia nchi hiyo, ni mali ya mkusanyo wa Lidice hadi leo.

Mtu anaweza kuona ukatili katika zawadi hiyo. Tafsiri yenye nguvu zaidi ni kwamba Richter alikataa kujiweka upande wa waombolezaji kana kwamba nyumba yake haihusiki. Alipeleka kile alichokuwa nacho. Na Lidice waliweza kuipokea kwa sababu mambo mawili yalikwisha kutimia: majina ya waliokufa yalikuwa yameandikwa, na hakuna aliyebisha mauaji yalifanywa na nani. Mpangilio huo una maana. Picha ya askari haiwezi kutangulia majina ya wahanga. Ikitangulia, ni tusi.

Kwa Ombaci hatua ya kwanza haijakamilika kitaifa. Tume ya Uchunguzi wa Ukiukaji wa Haki za Binadamu iliyoundwa mwaka 1986 na kutoa ripoti mwaka 1994 ilishughulikia kipindi cha 1962 hadi 1986, hivyo mauaji haya yalikuwa ndani ya dhamana yake. Hata hivyo, simulizi ya vita vya miaka hiyo inayofahamika zaidi nchini ni ile ya Luwero, na Nile Magharibi hutajwa zaidi kama chimbuko la Amin kuliko kama mahali palipoumizwa.

6.0 Kufunika ili kuhifadhi

Richter hakubaki kwenye kufifiza. Mwaka 1988 alichora turubai 15 ziitwazo “18. Oktober 1977”, kuhusu vifo vya wanachama wa kundi la Baader-Meinhof gerezani Stammheim, zikiwa zimefifizwa kiasi kwamba mtazamaji hana hakika anatazama nini. Kazi hizo zilinunuliwa mwaka 1995 na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, na Wajerumani wengi walilalamika kwamba kidonda chao kimepelekwa ng’ambo.

Tangu mwisho wa miaka ya 1970 alikuwa pia akitengeneza michoro isiyo na umbo, akiburuta ubao mrefu juu ya rangi mbichi hivi kwamba tabaka la chini hujitokeza hapa na kupotea pale. Njia hizo mbili zilikutana mwaka 2014. Richter alikuwa na nakala za picha nne zilizopigwa kwa siri mwezi Agosti 1944 na wafungwa wa kambi ya maangamizi ya Birkenau waliolazimishwa kufanya kazi kwenye matanuri ya maiti. Alizinakili juu ya turubai nne, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 260. Alipoziangalia aliona hazifai, akazifunika kwa tabaka juu ya tabaka za nyeusi, kijivu, nyekundu na kijani. Kilichonakiliwa hakionekani tena hata kidogo. Kazi inaitwa “Birkenau”, na inapoonyeshwa, nakala ndogo za zile picha nne halisi hutundikwa karibu nayo.

Jambo hili la mwisho hupuuzwa mara nyingi, nalo ndilo linaloiokoa kazi nzima. Kama zile picha nne zisingekuwapo ukutani, kufunika kungekuwa kuficha. Kwa kuwa zipo, kufunika ni kukiri kwamba mkono wa mchoraji hauna cha kuongeza juu ya ushahidi wa aliyekuwapo. Ushahidi na heima hukaa chumba kimoja, kila kimoja kwa kazi yake. Jamii inayojadili iwapo mnara wa kumbukumbu uonyeshe maiti, risasi na damu, au ubaki na jiwe tupu, haina haja ya kudhani kwamba njia ni hizo mbili pekee.

7.0 Mambo ya kuamuliwa Ombaci

Mfano wa Richter una mipaka. Alikuwa na albamu. Nyumba nyingi za Nile Magharibi zilichomwa au kuachwa na wenyewe wakakimbilia Sudan na Zaire, na picha huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Hapa kinachohifadhi zaidi ni mdomo kuliko karatasi. Tena uchoraji wa turubai si lugha ya kumbukumbu ya Walugbara, Wakakwa au Waaringa, na hakuna sababu ya kuufanya uwe. Kinachochukuliwa kutoka kwake ni maswali yake.

Swali moja ni la lugha ya maandishi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha tena mwezi Julai 2022 pamoja na agizo la kifundishwe shuleni. Wanaoipigania lugha hii wangependa ionekane katika kila bango la umma. Lakini kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Huko Arua kina sura nyingine pia, kwani ni lugha ya soko na ya jirani wa Kongo. Kukiandika juu ya kaburi la pamoja bila kuwauliza wenye kaburi kungekuwa jeuri, hata kama nia ni njema. Kilugbara kitangulie, Kiswahili kifuate ikiwa kitakaribishwa.

Swali lingine ni la mahali pa kuhifadhi. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka za Amani kipo Kitgum, ng’ambo ya pili ya Nile. Picha za familia, vitambulisho na barua vikikusanywa Ombaci na kupelekwa huko, au Kampala, mjane wa Ombaci atahitaji nauli ya siku nzima ili aione sura ya mumewe. Richter hakuiuza “Birkenau”, na ametoa nakala zake za kipimo kamili, zilizochapwa kutokana na picha za kamera, ambazo moja ipo katika jengo la Bunge la Ujerumani na nyingine Oświęcim, penye kambi yenyewe. Teknolojia ya kunakili ni nafuu leo kuliko wakati wowote. Nakala ziende Kitgum, Kampala na vyuoni. Asili zibaki kwa wenyewe, na wao waamue iwapo mzee mwenye sare atakaa ukurasa mmoja na nduguye aliyepigwa risasi misheni.